Kosa la mwanafunzi lisigeuzwe kichekesho

Umezuka mtindo miongoni mwa baadhi ya walimu wetu wa kupiga picha ukurasa wa daftari au karatasi ya mtihani yenye jibu la kuchekesha, kisha kuisambaza katika mitandao ya kijamii. Mara nyingine jina la mwanafunzi huachwa wazi. Mara nyingine hufutwa, lakini mwandiko wake na jina la shule yake hubakia. Wengi huuona mtindo huu kuwa mzaha tu. Hata hivyo, yafaa tujiulize: daftari la mtoto ni mali ya nani?

Tuanze na sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 33, inakataza kutumiwa kwa data ya mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi, na inataka matumizi hayo yazingatie maslahi ya mtoto mwenyewe. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja humu nchini faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kweli, hizo zilikuwa picha za watoto wala si za madaftari. Lakini sheria hailindi sura peke yake. Inalinda habari yoyote inayoweza kumtambulisha mtu. Jina na shule vikikaa pamoja katika ukurasa mmoja, nani atashindwa kumtambua mwenyewe?

Hata pasingekuwapo sheria, bado pangekuwapo maadili. Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Mwanafunzi naye hawezi kuelimika pasipo kumfunulia mwalimu asichokijua. Mwalimu basi ni kama mkunga: huona yaliyositirika kwa sababu kazi yake haiwezekani bila kuyaona. Mkunga anayetoka chumbani na kwenda kuyasimulia sokoni hataitwa tena na mzazi yeyote.

Fauka ya hayo, anayecheka kosa mara nyingi hajalielewa. Mnamo mwaka 1967, mwanaisimu Mwingereza S. Pit Corder aliandika makala mashuhuri akieleza kuwa makosa ya mwanafunzi wa lugha ni ushahidi wa hatua aliyofikia katika kujifunza. Chukua mfano wa mtoto anayeandika "kijana kirefu kimeingia" badala ya "kijana mrefu ameingia". Mtoto huyo si mjinga. Amekwisha kuimudu kanuni ya upatanisho wa ngeli ya KI-VI, naye anaitumia kila aonapo "ki" mwanzoni mwa nomino. Kilichobaki ni kumfunza kwamba viumbe wenye uhai hufuata upatanisho wa A-WA. Kosa lake limezaliwa na maarifa, si na upumbavu.

Mtoto kama huyo akichekwa na umati asioujua, hatajifunza upatanisho. Atajifunza kunyamaza. Ataandika sentensi fupi zisizo na hatari, hatainua mkono darasani, na somo litamchukiza. Naye akikua na kutafuta kazi, huenda picha hiyo ikamsubiri mtandaoni, kwani aliyeisambaza hana tena uwezo wa kuirudisha.

Wapo watakaodai kwamba makosa hufunza wengine. Naam, hufunza. Lakini mwalimu anaweza kuiandika sentensi yenye kosa ubaoni kwa mkono wake mwenyewe, bila jina, na darasa zima likaijadili kwa faida. Hilo ni somo. Kusambaza picha ni maonyesho.

Nanyi wanafunzi, mizani ni ile ile. Mwalimu aliyeteleza ulimi darasani naye ana heshima na faragha yake. Kumrekodi kwa siri na kumwanika mbele ya walimwengu ni kumtendea yale yale mnayochukia kutendewa.

Wakuu wa shule wanapaswa kuandika kanuni zilizo wazi juu ya jambo hili, na vyuo vya ualimu vilifundishe pamoja na mbinu za kusahihisha. Darasa ni mahali pa kukosea. Mtoto akikosa pa kukosea, atajifunzia wapi?