Takwimu za Matukio na Ulinzi wa Abiria wa Treni

Askari wa treni za mjini hawatoshi kusimama katika kila kituo kwa saa zote. Wawekwe wapi, basi, na saa ngapi?

Mjini New York, luteni wa polisi wa usafiri aitwaye Jack Maple alibandika ukutani michoro ya vituo vya treni za chini ya ardhi, akatia alama mahali pa kila unyang'anyi, akitenganisha matukio yaliyotatuliwa na yasiyotatuliwa. William Bratton, aliyeongoza polisi hao kuanzia 1990, alivutiwa na kazi hiyo. Alipokuwa kamishna wa polisi wa jiji mwaka 1994, mbinu hiyo ilikuzwa ikawa CompStat: makamanda huulizwa ana kwa ana juu ya takwimu za maeneo yao.

Idadi peke yake hudanganya. Tuseme kituo kimoja kina abiria 100,000 na matukio 10, kingine kina abiria 2,000 na matukio 4. Cha kwanza kina matukio mengi, lakini abiria wa kituo cha pili ndiye aliye hatarini zaidi, mara ishirini. Saa na namna tukio lilivyotokea ni muhimu pia. Simu zikiporwa milango ya behewa inapofungwa, askari anayekagua tiketi getini hasaidii kitu.

Hapa ndipo sisi watu wa lugha tunapoingia. Aliyechomolewa pochi bila kujua ameibiwa. Aliyetishwa kwa kisu amenyang'anywa. Karani akiandika yote mawili kuwa "wizi", ramani haitaonyesha palipo na visu. Tena Tanzania husema "unyang'anyi wa kutumia silaha", Kenya "wizi wa mabavu". Anayejumlisha takwimu za nchi hizi mbili kwa kufuata neno tu atapotoka.

Kuna na yasiyoandikwa kabisa. Uchunguzi uliofanywa na shirika la usafiri la London mwaka 2013 ulionyesha kwamba takriban asilimia 90 ya waliosumbuliwa kijinsia safarini hawakuripoti. Kampeni ya kuwahimiza waripoti ilianza 2015, na ripoti zikaongezeka. Mpangaji asiyejua habari hiyo angedhani treni zimeharibika ghafla. Ndiyo maana kumbukumbu za polisi husomwa pamoja na majibu ya abiria wenyewe, hasa wa vituo vinavyoonekana vitulivu.