Fimbo ya zamani ya biliadi: nani anajua bei yake?



Leo ninataka tuongee juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakishika Jumamosi jioni bila kukifikiria: fimbo ya biliadi, ile ya mchezo ambao kwetu watu wanauita "biyari". Tutaenda mbali kidogo, hadi Marekani. Huko kuna biashara ndogo inayofundisha mambo ya bei vizuri kuliko kozi nyingi za uchumi nilizosoma. Ni biashara ya kununua na kubadilishana fimbo za zamani ili fundi azikate na kuzigeuza kuwa fimbo mpya za oda.

Tuseme kijana anakuta fimbo nne za zamani katika nyumba ya babu yake. Zimepinda mbele, ngozi ya ncha imekwisha, verni imechubuka. Jirani anamwambia: "Hii ni kuni tu. Nipe yote kwa dola 20." Kisha anapita fundi, anazishika, anaziangalia kwa muda mrefu, ananyamaza. Huyo anayenyamaza njo mwenye kujua. Kijana afanye nini?

Fimbo hizi zilitoka wapi

Kampuni ya Brunswick ilianza mwaka 1845 huko Cincinnati. Mwanzilishi wake, John Moses Brunswick, alikuwa fundi mbao mzaliwa wa Uswisi. Kwa miaka mingi kampuni hiyo ilijaza kumbi za Marekani kwa meza, mipira na fimbo. Katikati ya karne ya 20 moja ya fimbo zake za ukumbi iliitwa Titlist. Ilikuwa fimbo ya kipande kimoja, karibu sentimita 145, inawekwa ukutani, na mteja yeyote anaichukua na kucheza. Hakuna aliyeiona kuwa mali ya kutunza.

Lakini angalia namna ilivyotengenezwa. Nusu ya mbele, ile nyembamba, nitaiita mshale. Nusu ya nyuma, ile nene, nitaiita shina. Sasa chukua mikono yako miwili, ingiza vidole vya mkono mmoja katikati ya vidole vya mkono wa pili. Ndani ya shina la Titlist mbao mbili ziliunganishwa vile vile: mepo, mti mweupe na mgumu wa Amerika ya Kaskazini, upande wa mbele, na mti mzito wenye rangi ya giza upande wa nyuma. Vidole vinne vya mti wa giza vinapanda ndani ya mti mweupe, na pembeni mwao kuna mistari ya mbao nyembamba zenye rangi. Muungano huo si pambo la kubandika juu. Mbao zenyewe zimeshikana hadi ndani. Kuutengeneza ni kazi ngumu: kipimo kikikosea kidogo tu, vidole havikutani vizuri.

Kumbe wachezaji wazuri walitaka kitu kingine: fimbo ya vipande viwili, inayofunguka katikati na kuingia ndani ya mfuko wa safari. Fundi Herman Rambow wa Chicago alijulikana sana kwa kuzichukua Titlist na kuzigeuza. Huko New York, George Balabushka, aliyezaliwa Urusi mwaka 1912 na kufika Marekani akiwa mtoto mwaka 1924, naye alianza na Titlist. Baadaye alinunua mashina yaliyounganishwa na mafundi wengine, kama Burton Spain na Gus Szamboti. Balabushka alikufa mwaka 1975. Leo fimbo yake halisi inauzwa kwa maelfu ya dola. Jina lake linasikika katika filamu The Color of Money ya mwaka 1986, ingawa fimbo inayoonekana pale ilitengenezwa na kampuni nyingine, Joss.

Kwa hiyo kitu ambacho ukumbi ulikitundika ukutani kwa kila mlevi, ndicho kilikuwa mwanzo wa fimbo zinazoheshimiwa kuliko zote. Toka hapo mafundi hawajaacha kuzitafuta.

Fundi anaangalia nini

Hapa ndipo bei inageuka kichwa chini. Mchezaji anaangalia mshale kwanza: umenyooka? Ncha iko sawa? Fundi hajali. Mshale wa zamani ataukata na kutengeneza mpya. Kwake, fimbo iliyovunjika mbele inaweza kuwa na bei sawa na ile iliyo nzima. Anayoangalia ni haya:

1. Shina limenyooka? Anaviringisha fimbo juu ya meza na kuangalia upande wa nyuma tu. Mshale ukipinda ni kitu kidogo. Shina likipinda, biashara imekufa, kwa sababu mti uliopinda mara moja unaweza kupinda tena hata baada ya kuchongwa.

2. Unene umebaki? Fundi ataweka shina kwenye kerezo, ile mashine inayozungusha mti huku kisu kikiula kidogo kidogo. Kama mtu mwingine ameshalipiga msasa mara nyingi, mti wa kula haupo tena.

3. Vidole vinne vinalingana? Kila kidole ni kipana chini na chembamba juu. Ukipunguza unene wa shina, ncha zinarudi chini na vidole vinakuwa vifupi. Kama vilikuwa havilingani tangu mwanzo, au shina halikuwekwa katikati sawasawa, kimoja kitabaki kirefu na kingine kifupi, na kila mnunuzi ataliona jambo hilo.

4. Gundi inashika? Anapiga shina taratibu kwa kidole na kusikiliza. Sauti moja safi ni dalili nzuri. Sauti ya kugongana, kama kitu kimelegea ndani, ni dalili mbaya. Anatafuta pia nyufa ndogo pembeni mwa vidole.

5. Kuna matundu? Wengine walipiga msumari, wengine walitoboa chini na kuweka risasi ili fimbo iwe nzito. Tundu la chini kabisa linaweza kufichwa. Tundu la katikati ya shina ni shida.

6. Mti ni wa namna gani, na rangi za ile mistari bado zinaonekana? Verni chafu inatoka. Rangi iliyokufa ndani ya mti hairudi.

Unaona? Mambo sita, na hakuna hata moja linalouliza kama fimbo inacheza vizuri leo. Anachonunua fundi ni mti uliokauka kwa miaka mingi na muungano ambao kuutengeneza upya kungemgharimu kazi nyingi.

Hesabu ya bei

Sasa tuhesabu. Namba hizi ni za mfano wangu tu, bei ya soko inabadilika, lakini njia ni ile ile.

Tuseme fundi anauza fimbo iliyokamilika kwa dola 600. Mishale miwili mipya, skrubu ya kiungo, uzi wa kitani wa kufunga mahali pa kushika, na vitu vingine: dola 120. Saa 20 za kazi kwa dola 15: dola 300. Faida ya atelye yake: dola 60. Jumla ni 480. Inabaki 120. Hiyo ndiyo bei ya juu anayoweza kulipa kwa shina zuri.

Ngoja kwanza, kuna hatari. Shina linaweza kuonekana zima, halafu likafunguka kwenye kerezo. Kama shina moja kati ya manne linamharibikia, matatu yaliyobaki ndiyo yatalipia yote manne: mara 3 ya 120 ni 360, gawanya kwa 4, unapata 90. Basi bei ya haki ya fimbo moja ya zamani, kabla ya kukatwa, ni karibu dola 90 katika mfano huu. Zile nne za babu ni 360. Jirani alitoa 20.

Fundi akikupa chini ya 90, usikimbilie kusema ni mwizi. Muulize hatari anaihesabu namna gani. Kama shina lina ufa, 40 inaweza kuwa bei nzuri. Lakini ukijua hesabu, mtaongea juu ya ufa, si juu ya sura yako au haraka yako ya franga.

Kubadilishana bila kuibiwa

Mara nyingi hakuna anayelipa yote taslimu. Mwenye fimbo anasema: "Chukua hizi nne, nitengenezee moja." Mpango huo unapendwa kwa sababu fundi ana muda na ujuzi lakini hana cash, na mwenye fimbo ana mti lakini hana kerezo.

Mtego wake ni mizani miwili. Fundi anapima fimbo zako kwa bei ya mnada wa vitu vya zamani, halafu anapima fimbo yake kwa bei ya dukani. Ukikubali hivyo umepoteza mara mbili. Pande zote mbili zipimwe kwa mzani mmoja.

Turudi kwenye mfano. Fundi anatumia shina lako moja kukutengenezea fimbo yako. Shina ni lako tayari, kwa hiyo unadaiwa vifaa, kazi na faida tu: 480. Mashina matatu yanayobaki anayachukua kwa 90 kila moja: 270. Unaongeza 210. Kama anakuomba mashina yote manne pamoja na dola 400, hesabu hiyo imetoka wapi? Mwambie akuonyeshe.

Kabla ya kukabidhi, andikeni mambo manne kwenye karatasi, hata kama mnafahamiana. Shina lako likipasuka kwenye kerezo, hasara ni ya nani? Kazi itaisha tarehe gani? Vipande vitakavyokatwa vinabaki kwa nani? Na ni shina lipi hasa litakalotumika? Piga picha za kila shina pande zote, vidole vikionekana, maana mistari ya mti ni kama alama za vidole vya mtu: hakuna mashina mawili yanayofanana. Kaka yangu, dada yangu, karatasi hiyo haiharibu urafiki, inaulinda.

Wakati wa kutokata

Fundi siye mnunuzi pekee. Kuna pia mkusanyaji, mtu anayetaka Titlist nzima, na maandishi yake ya zamani, na verni yake ya kwanza. Kwa mtu huyo, kila unachosafisha kinapunguza bei. Kwa hiyo fimbo ikiwa nzima na maandishi yanasomeka vizuri, uliza mkusanyaji kabla ya fundi. Ikiwa imevunjika au imefutika, nenda kwa fundi. Na ukikuta fimbo ya zamani ambayo tayari ni ya vipande viwili, usiguse kitu kabla mjuzi hajaiona: inaweza kuwa kazi ya mkono wenye jina. Inaweza pia kuwa ya kughushi, maana jina kubwa linavuta waongo.

Mimi maoni yangu ni haya: fimbo nzima isikatwe. Titlist ya wakati ule haitengenezwi tena, na mti uliokatwa haurudi. Zilizovunjika zinatosha kuwapa mafundi kazi.

Na sisi Kongo tunaingia wapi?

Sisemi kwamba Titlist zimejaa katika kumbi za Lubumbashi au Goma. Lakini sisi tumo ndani ya historia ya mchezo huu kuliko tunavyodhani. Zamani mipira ya biliadi ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe nyingi zilizotoka kwetu wakati wa ukoloni zilipitia soko la Antwerp. Mwaka 1863 kampuni moja ya biliadi ya New York ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kuchukua nafasi ya pembe, na hapo John Wesley Hyatt akaingia katika utafiti uliozaa selulodi. Pembe ilitumika pia kwenye fimbo, katika kiungo na karibu na ncha. Toka mkataba wa CITES ulipofunga biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika, uamuzi wa mwaka 1989, fimbo yenye pembe inaweza kukamatwa mpakani hata kama ni ya zamani. Miti ya jamii ya rosewood nayo ina masharti yake. Anayepima fimbo bila kupima sheria anapima nusu.

Halafu kuna wenge, mti wa misitu yetu ambao wengi tunaujua kwanza kwa jina la muziki. Mafundi wa fimbo wanaupenda kwa ugumu wake na rangi yake nyeusi. Unatoka kwetu kama mbao na unarudi, ukirudi, kama kitu cha bei kali. Tofauti kati ya bei hizo mbili inalipia saa za kazi, kerezo, na jicho la mtu aliyejifunza kuangalia shina kabla ya mshale.

Kama una mjomba meniziye, peleka hesabu hii kwenye atelye yake. Chukua meza moja ya zamani, hesabu vifaa, saa, faida na hatari, uone kama bei anayolipa kwa mbao na bei anayouzia vinaongea lugha moja. Andikeni majibu hapa chini, na namba zenu. Nitayasoma yote.