Mzaliwa wa Tanganyika Aliyeitia Hisabuni Kauli ya Fundi

Katika vyuo vikuu vya zama zetu ni chache ilimu zilizopanda daraja upesi kama sayansi ya data, yaani ilimu ya kuchota maana katika marundo ya tarakimu zilizokusanywa na mashine; hata Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, ambacho tangu mwaka 2015 kinawafundisha somo hilo wanafunzi wa fani mbalimbali, kiliamua mwaka 2023 kuiundia koleji yake, jambo ambalo chuo hicho hakikuwa kimelifanyia ilimu yoyote kwa zaidi ya miaka 50. Aghalabu wanaoihubiri ilimu hii husema kwamba data ndiyo mwanzo wa kila kitu, na kwamba rai ya mtu mzoefu ni dhana tupu mpaka tarakimu ziithibitishe. Kauli hiyo naiona ina upungufu, na shahidi wangu ni mhandisi mzaliwa wa Tanganyika ambaye jina lake limo katika vitabu vya uhandisi ulimwenguni kote, ijapokuwa sidhani kama watoto wetu shuleni wamepata kulisikia.

Ebrahim Mamdani alizaliwa mwaka 1942. Alipofikia umri wa kusoma uhandisi, nchi yake haikuwa na mahali pa kuusomea, kwani chuo kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961 kilianza na sheria peke yake, na kitivo cha uhandisi hakikupatikana hapo mpaka mwaka 1973. Basi akasoma Bara Hindi, na kutoka huko akenda Uingereza, akapata udaktari wake katika Queen Mary College, London, kisha akabaki chuoni hapo akifundisha uhandisi wa umeme.

Wakati huo Berkeley ilikuwa na profesa wa umeme aliyeitwa Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku aliyekulia Tehran, ambaye mwaka 1965 alichapisha makala iliyowaudhi wengi. Hisabu za kale hutaka kila kitu kiwe ama ndani ya kundi ama nje yake: tukisema kwamba maji ya moto ni yale yaliyofika nyuzi 60, basi yenye nyuzi 59 si ya moto abadani. Zadeh alisema kwamba mambo ya dunia hayana mipaka mikali namna hiyo, na kwamba maji yanaweza kuwa ya moto kwa kadiri fulani, kadiri inayoandikwa kwa namba yoyote baina ya 0 na 1. Miongoni mwa waliompinga hadharani alikuwamo Rudolf Kalman, ambaye hisabu zake zilivisaidia vyombo vya Apollo kuijua njia ya kwenda mwezini. Na ajabu ni kwamba wote wawili walipata udaktari wao katika Chuo Kikuu cha Columbia chini ya mwalimu mmoja, John Ragazzini.

Mwaka 1973 Zadeh alitoa makala nyingine, akieleza jinsi maneno ya kawaida yanavyoweza kubeba hisabu, na makala hiyo ikamfikia Mamdani. Yeye na mwanafunzi wake, Sedrak Assilian, walikuwa na injini ndogo ya mvuke katika maabara, mashine yenye inda, ambayo kanieneo ya boila lake na mwendo wake huathiriana hata ikawa shida kuitungia milinganyo ya kuiongoza. Wakaiacha milinganyo, wakaandika yale ambayo mtu aliyezoea kuiendesha angeyasema: kanieneo ikiwa chini mno, na ikawa haipandi upesi, zidisha moto sana, ikikaribia kiasi kinachotakiwa, punguza kidogo. Ni maneno ya namna ile ile ambayo nahodha humwambia baharia kuhusu upepo na kamba ya tanga, wala hakuna mtu aliyepata kumdai nahodha milinganyo.

Kazi ya kompyuta ilikuwa kuyapima maneno hayo. Kila kipimo kilichotoka kwenye injini kiliulizwa ni “chini mno” kwa kadiri gani na “chini kidogo” kwa kadiri gani; kila kanuni ikapewa nguvu kulingana na sharti lake lililo dhaifu kuliko yote; hukumu za kanuni zote zikaunganishwa, na mwishowe ikapatikana namba moja ya kuamrisha moto au mvuke. Injini ikatii. Taarifa ya jaribio hilo ilichapishwa mwaka 1975, na utaratibu huo hata leo huitwa kwa jina la Mamdani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 njia hiyo ya kanuni ilikuwa ikiendesha matanuri ya saruji nchini Denmark, na mwaka 1987 Wajapani wakafungua reli ya chini ya ardhi mjini Sendai, ambayo treni zake ziliongozwa kwa mantiki ya aina hiyo.

Si haki kuuficha udhaifu wake. Vipimo viwili, kila kimoja kikiwa na maneno 7, huzaa kanuni 49, na mtu mmoja aweza kuziandika. Vipimo vitano huzaa kanuni 16,807, na hapo hakuna fundi awezaye kuzitamka zote. Kwa hiyo watafiti wawili wa Kijapani, Takagi na Sugeno, mwaka 1985 walionyesha jinsi ya kuzitoa kanuni katika data yenyewe, na tangu hapo mizani imezidi kuelemea upande wa data. Faida imepatikana, hilo halina ubishi. Lakini kanuni ya Mamdani fundi huweza kuisoma, akaikataa, akairekebisha, ilhali mitambo mingi ya leo inayojifunza yenyewe hutoa hukumu ambayo hata aliyeiunda hawezi kuieleza.

Mamdani alihamia Imperial College mwaka 1995, akiwa profesa wa mambo ya mawasiliano, akafariki Januari 2010. Nami nawasihi wanaotunga mitaala ya sayansi ya data katika vyuo vyetu vya Afrika Mashariki wasimpe mwanafunzi shahada kabla hajaketi na mwendesha tanuri, au mpimaji wa maji, au mkunga, akaandika kanuni zake kwa maneno ya mwenyewe, kisha akazipambanisha na tarakimu alizozikusanya.