Sadaka, Haki na Kinachobaki: Funzo la Mgodi wa Kwale kwa Familia za Lunga Lunga



Mwishoni mwa Desemba 2024, mitambo ya kuchimba mchanga ilinyamaza katika kaunti yetu ya Kwale. Kampuni ya Base Titanium, iliyokuwa ikichimba madini katika vilima vya Maumba na Nguluku, ilihitimisha uchimbaji wake baada ya takriban miaka 11. Magazeti yaliiandika habari hiyo kama habari ya uchumi. Kwa akina mama wa Lunga Lunga, Msambweni na vijiji vilivyo baina yake, ilikuwa habari ya nyumbani pia: karo ya mtoto, zahanati iliyo karibu, pamba iliyokuwa ikipata mnunuzi, na mshahara wa baba au wa kijana uliokuwa ukiingia kila mwezi.

Wiki hii tumeona vyema tulizungumze jambo hili ndani ya familia zetu, kwa utulivu, bila ya kumsifu mtu kupita kiasi wala kumdhulumu. Swali letu ni moja: kampuni kubwa inapoisaidia jamii, msaada huo hupimwa kwa kipimo gani?

Tuanze na historia. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Tiomin kutoka Kanada ilikuja kuupima mchanga wetu, ikakuta umebeba madini ya ilmenaiti, rutaili na zirkoni. Hayo ndiyo yanayotumika ulimwenguni kutengenezea rangi za nyumba, karatasi, plastiki na vigae. Tiomin haikufikia kuchimba. Mwaka 2010 mradi ulinunuliwa na Base Resources ya Australia, na Februari 2014 shehena ya kwanza ikaondoka kwa meli kutoka Likoni. Ili mgodi upate nafasi, familia ziliacha makazi yao, minazi yao na makaburi ya wazee wao. Wengine walipelekwa Bwiti, upande wetu wa Lunga Lunga, karibu na kilima cha Mrima. Kwa hiyo, hata kabla ya kampuni kutoa chochote kwa jina la msaada, wako watu waliokuwa wamekwisha kutoa. Hilo tusilisahau.

Na yaliyofanywa na kampuni hiyo nayo tusiyafiche, kwani uadilifu ni kumpa kila mtu stahiki yake. Kituo cha afya cha Magaoni kilijengwa kwa fedha zake. Bwiti ikapata shule ya sekondari. Vijana wengi wa Kwale walisomeshwa kwa ufadhili wake, wengine hadi vyuo vikuu, na wapo waliofunzwa kazi za ufundi ndani ya mgodi wenyewe. Kwa kushirikiana na shirika la Business for Development la Australia, wakulima walisaidiwa kulima pamba, viazi na mazao mengine, wakaunda ushirika wao uitwao PAVI, jina lililotokana na maneno pamba na viazi. Pamba hiyo ilipata mnunuzi katika kampuni ya nguo ya Cotton On, nayo ya Australia. Mama aliyejifungua salama karibu na kwake, au aliyeuza pamba akanunua sare za shule, hana sababu ya kuidharau neema hiyo.

Lakini hapa ndipo tunapohitaji kupambanua. Sisi katika dini yetu tumefundishwa tangu chuoni tofauti ya zaka na sadaka. Sadaka hutoka kwa hiari ya mtoaji. Akitoa hushukuriwa, asipotoa hadaiwi. Zaka si hisani ya tajiri; ni haki ya maskini iliyomo ndani ya mali ya tajiri. Aizuiaye amezuia kisicho chake, na aipokeaye hana haja ya kuinamisha kichwa. Hatusemi kwamba sheria za madini ni zaka, la hasha. Tunasema tu kwamba mwenye kuijua tofauti hiyo hatashindwa kuielewa hii inayofuata.

Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 iligawa mrabaha, yaani malipo ambayo mchimbaji huilipa serikali kwa madini anayoyatoa ardhini. Katika kila shilingi 100 za mrabaha, 70 ni za serikali kuu, 20 ni za serikali ya kaunti, na 10 ni za jamii inayoishi palipochimbwa. Tena kanuni za mwaka 2017 zikamtaka mwenye leseni kubwa ya kuchimba afunge makubaliano ya maendeleo na jamii, na atumie katika makubaliano hayo si chini ya asilimia moja ya mapato ghafi ya mauzo yake ya kila mwaka. Miradi ya makubaliano hayo husimamiwa na kamati, na katika kamati hiyo wanawake wana nafasi yao, kama walivyo nayo vijana na watu wenye ulemavu.

Basi tazama, ewe mama. Kampuni ikijenga darasa kwa hiari yake, hiyo ni hisani. Darasa lile lile likijengwa kwa fungu la asilimia moja, au kwa zile shilingi 10 za jamii, hiyo ni haki. Rangi ya ukuta ni moja, na bango la ufunguzi huenda likawa moja, lakini hukumu yake ni mbali mbali. Kwa hisani tunashukuru. Kwa haki tunauliza hesabu. Jamii isiyoijua tofauti hiyo hupigia makofi malipo ya deni, na hunyamaza deni lisipolipwa. Na deni hili halikulipwa kwa wepesi: kwa miaka mingi baada ya sheria kuanza kazi, fungu la kaunti na la jamii lilibaki Nairobi, huku viongozi wa Kwale wakilidai. Watoto waliozaliwa mwaka ule wa sheria walifika madarasa ya juu ya shule ya msingi kabla wazazi wao hawajaona faida yake.

Jambo la pili ni kinachobaki. Hili nalo si geni kwetu, kwani tunayo mila ya wakfu. Mwenye kuweka wakfu kisima, shamba la minazi au nyumba, hutaja mali yenyewe, hutaja wanaonufaika, na huweka msimamizi. Msimamizi akikosekana, nyumba ya wakfu huvuja, na shamba huliwa na wajanja. Ndivyo ilivyo zahanati iliyojengwa na kampuni. Kuta ni sehemu ndogo ya tiba. Nani humlipa muuguzi baada ya kampuni kuondoka? Dawa zinaletwa na bajeti ya nani? Iwapo jengo limekabidhiwa serikali ya kaunti, je, limeingizwa katika mpango wake wa mwaka? Na mwanafunzi aliyekuwa akilipiwa karo, ni nani ataliendeleza jambo lake? Yote hayo yafaa kuulizwa mapema, kabla ya mlango kufungwa.

Wazee wetu wameliona hili. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilikuwa uhai wa vijiji vingi vya kusini ya Kwale, kikafungwa mwaka 1988. Palikuwa na kazi, na pamoja na kazi palikuwa na biashara ndogondogo za akina mama, maandazi asubuhi na samaki wa kukaanga jioni. Kilipofungwa, miaka ikapita zaidi ya 20 kabla ya mashamba yale kufufuliwa na kampuni nyingine. Aliyeyaona ya Ramisi hapaswi kushangazwa na ya Maumba na Nguluku. Mgodi una siku zake zinazojulikana. Mchanga ukiisha, mchimbaji huondoka. Mwenyeji haondoki.

Kwa upande mwingine, twende Vanga, tukatazame msaada wa namna nyingine. Tangu mwaka 2019, watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wanalinda mikoko yao, zaidi ya hekta 460, katika mradi uitwao Vanga Blue Forest. Hewa chafu ambayo mikoko hiyo huihifadhi hupimwa, huuzwa kwa wanunuzi wa mbali, na fedha hurudi vijijini. Mfano wake ulianzia Gazi na Makongeni, ambako mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa hiyo tangu mwaka 2013, na mapato yakasaidia maji na shule. Fedha zake ni chache zikilinganishwa na za mgodi. Lakini mali ni ya wenyeji, kamati ni ya wenyeji, na wanaoamua kama mwaka huu fedha ziende katika bomba la maji au katika madawati ni wenyeji. Mikoko haifungashi virago. Hatusemi mradi huo hauna kasoro. Tunasema wenye mali wanajulikana, na msimamizi anajulikana.

Kwa nini tuyaseme haya sasa, na mgodi umekwisha kufungwa? Kwa sababu kilima cha Mrima kiko pale pale. Chini ya msitu wake wa hifadhi yamo madini ya niobiamu na madini adimu ambayo dunia inayataka kwa vifaa vya kisasa. Leseni ya kampuni ya Cortec ilifutwa na serikali mwaka 2013, lakini macho ya wanaoyataka madini hayo hayajaondoka Lunga Lunga. Siku moja huenda akaja mwingine na ahadi za zahanati na ufadhili wa masomo. Akija, na atukute tumejiandaa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hujiandaa kupona kabla mgeni hajabisha hodi.

Kujiandaa huko kunaanzia nyumbani na katika vyama vyetu vya akina mama. Kwanza, tuulize kila msaada unapotajwa: je, huu ni wa hiari au ni wa sheria? Pili, tusiiache nafasi ya mwanamke katika kamati ikajazwa jina tu. Tumpeleke anayejua kusoma hesabu na asiyeona haya kuuliza, naye akirudi atueleze yaliyoamuliwa. Tatu, tuandike barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 humpa kila raia wa Kenya haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa taasisi za umma, na ofisi inayoombwa yapaswa kujibu ndani ya siku 21. Chama cha wanawake cha kijiji kinaweza kuiuliza serikali ya kaunti ni kiasi gani cha mrabaha kimepokewa na kimefanya nini. Barua ya ukurasa mmoja, kwa adabu, yatosha. Nne, msaada unapotolewa tutake maandishi yanayosema nani ataulea baada ya mtoaji kuondoka.

Na wale wenetu waliosomeshwa kwa fedha za mgodi, leo ni wauguzi, mafundi na walimu. Wao ndio sehemu ya msaada ambayo haiwezi kuhamishwa wala kuharibiwa na mvua. Tuwakumbushe, kwa upole wa wazazi, kwamba elimu yao imelipiwa kwa mchanga wa vilima hivi, na kwamba chini ya mchanga huo walilala babu za watu. Kijana mmoja akirudi Bwiti kufundisha hesabu jioni, au akiwasaidia akina mama kuisoma ripoti ya kamati, amelipa sehemu yake.

Allah atujaalie kuwa wenye kushukuru hisani, wenye kudai haki kwa adabu, na wenye kuitunza amana ikifika mikononi mwetu. Wabillahi tawfiq.