Je, Wajua? Hesabu ya nyota ya Kisarawe ilipita Baghdad

Waganga wa kitabu wa Mkoa wa Pwani, Kisarawe na Kibaha zikiwemo, wanapotafuta nyota ya mtu hupiga hesabu iliyobeba jina la mnajimu aliyefariki mwaka 886. Huyo ni Abu Maashar, mzaliwa wa Balkh katika Afghanistan ya leo, aliyefanya kazi Baghdad.

Hesabu yenyewe? Jina lako na la mama yako. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake. Jumlisha, gawa kwa 12. Ikibaki 3, wewe ni Mapacha.

Ulaya Abu Maashar alijulikana kama Albumasar. Utangulizi wake mkubwa wa unajimu ulitafsiriwa kwa Kilatini mara mbili, 1133 na 1140. Wanajimu wengine nao walipewa majina huko: Sahl ibn Bishr akawa Zael. Mashaallah wa Basra, mmoja wa waliochagua saa ya kuanza kuijenga Baghdad mwaka 762, akawa Messahalla.

Ajabu kubwa iko Ferrara, Italia. Ukutani mwa jumba la Schifanoia, kwenye nyota ya Punda, amesimama mtu mweusi mwenye nguo nyeupe iliyochakaa, kamba kiunoni. Alichorwa karibu mwaka 1470. Kwa karne nyingi hakuna aliyeeleza ni nani. Mwaka 1912 mwanazuoni Mjerumani Aby Warburg akamtambua: ametoka katika kitabu cha Abu Maashar, na Abu Maashar alimpata kwa wanajimu wa India.