Ubora na Uthabiti wa Diski za Kurekodia katika Kuhifadhi Fasihi Simulizi ya Wanyakyusa Wilayani Rungwe

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa fasihi simulizi anayerejea Tukuyu kutoka vijijini hubeba sauti ambazo pengine hazitapatikana tena. Mzee aliyesimulia ngano au kufafanua methali za Kinyakyusa akifariki, rekodi hubaki kuwa ushahidi pekee. Makala haya yanalinganisha aina za diski ambamo rekodi za namna hiyo huchomwa, na kubainisha kiasi ambacho mtafiti anaweza kuzitegemea.

2.0 Muundo wa Diski na Uimara Wake

Diski ya muziki iliyochapwa kiwandani hubeba data kwa vishimo vilivyofinyangwa katika plastiki. Diski ya kurekodia ni tofauti: mwale wa leza hubadili tabaka la rangi ya kikemikali, na juu yake upo utando mwembamba wa metali unaorudisha mwanga. Uimara hutegemea zaidi vitu hivi viwili. Rangi ya fithalosianini hustahimili mwanga kuliko sayanini. Dhahabu haibadiliki kwa hewa, ilhali fedha huharibiwa na gesi zenye salfa. Taasisi ya Uhifadhi ya Kanada hukadiria kuwa CD-R ya fithalosianini na dhahabu hudumu zaidi ya miaka 100, na ile ya sayanini miaka 20 hadi 50. Diski za kufutika, yaani CD-RW na DVD-RW, hazifai kwa nakala ya kudumu.

Mkwaruzo nao hauna athari sawa. Katika CD, metali imekaa chini tu ya vanishi ya upande wa lebo. Hivyo, kuandika upande huo kwa kalamu yenye ncha ngumu kunaweza kuangamiza data. Katika DVD, tabaka la data limefumbatwa kati ya vipande viwili vya plastiki vyenye unene wa milimita 0.6 kila kimoja.

Kuhusu ujazo, sauti ya stirio ya biti 24 na kilohezi 48 huchukua takribani gigabaiti moja kwa saa. CD-R ya megabaiti 700 hutosha dakika 40 tu, hivyo masimulizi marefu hulazimika kukatwa. DVD-R ya gigabaiti 4.7 huchukua saa nne na nusu.

3.0 Diski katika Mazingira ya Rungwe

Makadirio hayo ya miaka huchukulia kwamba diski imetunzwa vizuri. Miongozo ya uhifadhi hupendekeza unyevu wa hewa wa asilimia 20 hadi 50. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na nyumba ya kawaida haina mtambo wa kukausha hewa. Ubaridi wa milimani husaidia, lakini hauondoi unyevu. Aidha, kasha la diski dukani kwa kawaida halitaji aina ya rangi iliyotumika, na jina moja la biashara laweza kubeba bidhaa za viwanda tofauti.

Tatizo jingine ni kifaa cha kusomea. Godfrey na Monica Wilson walitafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938. Maandishi yao, yaliyohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Cape Town, husomeka kwa macho tu. Diski huhitaji kiendeshi, na kompyuta mpakato nyingi za sasa hazina.

4.0 Hitimisho na Mapendekezo

Diski bora ya kurekodia inafaa kuwa nakala mojawapo, kamwe isiwe nakala pekee. Inapendekezwa kuwa mtafiti:

(a) awe na nakala tatu katika vyombo vya aina mbili, moja ikikaa nje ya wilaya;

(b) achome diski kwa kasi ya wastani na kuihakiki papo hapo;

(c) ahifadhi namba ya uhakiki ya kila faili, inayokokotolewa na programu, ili badiliko lolote ligundulike;

(d) akague diski kila mwaka na kuhamisha data kabla hazijaharibika, na

(e) aikabidhi jamii husika nakala yake, kwani wenye sauti ndio wenye haki ya kwanza ya kuzisikia.