Kipa Aliyevunjika Mikono Yote Miwili

Mama anapomleta kijana wake wodini akiwa amevunjika mkono, swali lake la kwanza huwa ni kama mkono utanyooka. Swali la kijana ni lingine: "Nitacheza tena lini?" Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tumelisikia swali hilo mara nyingi, na si rahisi kulijibu. Mwezi huu tumeona tuwasimulie akina mama wapenzi habari za kijana mmoja wa Poland aliyekuwa na haki ya kuliuliza kuliko wengi. Alikuwa kipa, na iliyovunjika ni mikono, tena yote miwili.

MTOTO WA KIPA

Wojciech Szczęsny (jina lake hutamkwa karibu na "Voichekh Shchensni") alizaliwa Warsaw, mji mkuu wa Poland, tarehe 18 Aprili 1990. Baba yake, Maciej, alikuwa kipa pia. Aliidakia timu ya taifa, na akatwaa ubingwa wa Poland akiwa na klabu nne mbalimbali.

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Lakini mtoto wa mtu mashuhuri ana mzigo wake. Akifanya vizuri, watu husema ni damu ya baba. Akikosea, husema hamfikii baba. Kijana huyu aliubeba mzigo huo mapema. Mwaka 2006 aliiacha timu ya vijana ya Legia Warsaw akaenda London kujiunga na vijana wa Arsenal. Hebu jiweke mahali pa mzazi wake: mtoto wa umri wa sekondari, nchi ngeni, watu wageni.

SIKU VYUMA VILIPOANGUKA

Mwezi Novemba 2008, akiwa na miaka 18, alikuwa katika mazoezi ya kubeba vyuma vizito. Akapepesuka, na vyuma vikamwangukia mikononi. Mikono yote miwili ikavunjika kati ya kiwiko na kiganja.

Sehemu hiyo ya mkono ina mifupa miwili iliyolala sambamba, na ndiyo hutuwezesha kugeuza kiganja juu na chini. Ikiunga vibaya, hata kufungua kitasa cha mlango huwa taabu, sembuse kudaka mpira unaokuja kwa kasi. Kwa mtu mzima madaktari mara nyingi hufanya upasuaji na kuishikiza kwa vyuma, na mfupa huhitaji miezi mitatu au zaidi kupata nguvu. Tena fikiria mgonjwa asiye na mkono hata mmoja mzima: kula, kuoga, kuvaa, yote hutegemea watu wengine. Kwa kijana wa miaka 18 aliyezoea kusifiwa kwa mikono yake, hilo ni jambo zito.

Alikaa nje ya uwanja kwa miezi kadhaa. Aliporudi, hakupewa nafasi kubwa mara moja. Katika msimu wa 2009/10 Arsenal ilimpeleka kwa mkopo Brentford, klabu iliyokuwa daraja la tatu wakati huo. Kuna vijana ambao wangeona ni aibu kushushwa hivyo. Yeye alidaka huko mechi 28 za ligi, na mwezi Novemba 2009 akaichezea timu ya taifa ya Poland kwa mara ya kwanza, dhidi ya Kanada.

KUANGUKA NA KUINUKA

Tarehe 13 Desemba 2010 Mpolandi mwenzake, Łukasz Fabiański, alikuwa ameumia. Szczęsny, miaka 20, akaanza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu katika uwanja wa Manchester United. Arsenal ilifungwa 1-0, lakini kijana alionyesha kwamba anaweza.

Majaribu hayakuisha. Februari 2011, katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Birmingham, yeye na beki wake hawakuelewana dakika za mwisho. Mpira ukaponyoka, Arsenal ikapoteza kombe kwa 2-1. Siku chache baadaye, huko Barcelona, aliteguka kidole alipokuwa akizuia mpira wa adhabu. Na tarehe 8 Juni 2012, katika mechi ya ufunguzi ya Kombe la Mataifa ya Ulaya, mjini kwao Warsaw, alimwangusha mshambuliaji wa Ugiriki akatolewa kwa kadi nyekundu. Kipa wa akiba, Przemysław Tytoń, aliingia akaokoa penalti ile. Szczęsny hakucheza tena katika mashindano hayo.

Mwingine angekata tamaa. Lakini katika msimu wa 2013/14 alimaliza mechi 16 za Ligi Kuu bila kufungwa, akagawana tuzo ya Glavu ya Dhahabu na Petr Čech wa Chelsea. Baadaye alidakia Roma, Juventus na Barcelona.

SISI WAZAZI TUFANYE NINI?

Kwanza, mtoto akivunjika, mpelekeni hospitali upesi. Tumeona mikono iliyofungwa vijiti kwa nguvu nyumbani hadi damu ikashindwa kupita. Hata baada ya plasta, angalieni vidole: vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, rudini saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku.

Pili, msiitoe plasta kabla ya siku yake kwa sababu mtoto anasema haumwi tena. Maumivu huisha kabla mfupa haujakomaa. Ahimizwe kuchezesha vidole, na plasta ikitoka afanye mazoezi aliyoelekezwa, kidogo kidogo.

Tatu, tuchunge ndimi zetu. Kijana aliyelala kitandani husikia tunaponong'onezana na wageni kwamba "mpira ndiyo basi tena". Tusimwambie amekwisha, wala tusimwahidi kwamba kesho atacheza. Tumwambie kweli, tumlishe, tumwogeshe bila kumfedhehesha, na tungoje pamoja naye.

Mfupa huunga polepole, na moyo wa kijana nao vivyo hivyo. Vyote viwili vyahitaji mtu wa kukaa karibu.